Kiganja cha Mchele kwa Kila Robo

Ukitaka kumjua Mzee wa Mashine, anza na sauti yake, maana popote alipokwenda ndiyo ilikuwa ya kwanza kufika. Nilikuwa na wiki mbili tu tangu nihamie Ifakara, kwenye shule ya msingi moja upande wa Lumemo. Nilikuwa darasani nachora ubaoni sehemu za ua niliposikia mtu nyuma yangu, dirishani, akisema, "Mwalimu, hawa watoto wa mpira wa pete unawafundisha wewe?" Nikageuka. Dirishani hapakuwa na mtu. Wanafunzi wakanionyesha kwa vidole: alikuwa ng'ambo ya uwanja, barabarani, juu ya baiskeli, na hata hakuwa amesimama. Aliuliza huku anapita.

Nieleze jambo moja kwanza, kwa sababu watu wengi walimhukumu bila kulijua. Mzee huyu alikuwa na mashine ya kukoboa mpunga, ile ya injini ya dizeli, ndani ya chumba cha mabati matupu. Ukiingia humo ikiwa inafanya kazi huwezi kusikia hata kikohozi chako mwenyewe. Kila alichosema kwa miaka mingi alikisema juu ya kelele ile, na jioni alipozima injini alisahau kujizima na yeye. Alikuwa haongei kwa hasira. Alikuwa anaongea kwa dizeli. Msibani akisema "poleni", watoto waliolala waliamka. Kanisani, inasemekana padri alimwomba aje kuungama siku za kazi, asubuhi, wakati hakuna mtu mwingine kwenye foleni, maana dhambi zake zilikuwa ndogo ndogo na watu walishaanza kuzizoea.

Jambo la pili ni meno. Mkulima akileta gunia, Mzee wa Mashine hakuuliza mpunga umeanikwa siku ngapi. Alichota punje tatu, akazitia mdomoni, akazing'ata. Zikivunjika kwa mlio mkavu, gunia liliingia ndani. Zikipinda, alisema, "Rudi kaanike," na hakuna aliyebisha, kwa sababu mpunga mbichi ukiingia kwenye mashine hutoka chenga tupu. Imani yake kwa meno hayo ilivuka mpunga. Shule ilipopata mpira mpya, wa kwanza mpya tangu nifike, mwalimu mkuu aliutoa mbele ya wazazi kwa heshima zote. Mzee wa Mashine akauomba, akaugeuza, akaung'ata.

"Huu ni plastiki," akatangaza.

"Mzee, dukani wamesema ni ngozi," mwalimu mkuu akasema.

"Aliyeuza hajaung'ata."

Mvua mbili baadaye ulibanduka, na tukaona kweli ni plastiki. Alikuwa mtu wa kuudhi kwa namna hiyo: nusu ya mambo aliyoyashupalia yalikuwa kweli.

Alipenda kusema, "Mpunga haukobolewi kwa kuangaliwa." Aliwaambia hivyo vijana waliokaa kivivu, aliwaambia wateja waliochungulia kwenye mashine, alimwambia hata fundi aliyesimama kutazama injini kabla ya kuifungua. Lakini binti yake akiwa uwanjani, mtu huyo huyo hakuweza kukaa mbali. Jumatano na Ijumaa, siku zetu za michezo, ikifika saa tisa alasiri alizima mashine, akafunga mlango kwa kufuli, akaja. Wanawake waliokuwa kwenye foleni na magunia yao hawakuwa na la kufanya, wakamfuata. Ndiyo maana timu yetu ya wasichana ilikuwa na mashabiki wengi kuliko timu yoyote bondeni. Shule nyingine zilituonea wivu. Hawakujua kwamba watu wale walikuwa wanangoja mchele wa usiku, na kwamba walishangilia kwa nguvu wakiamini mchezo ukishangiliwa sana huisha mapema.

Binti mwenyewe aliitwa Tekla, kitinda mimba, darasa la sita, miguu mirefu kama ya korongo na maneno machache kama ya mama yake. Alivaa kifuani kitambaa chenye herufi GS, yaani mfungaji. Kwa asiyeujua mpira wa pete, naomba dakika moja. Wachezaji ni saba kila upande, na kila mmoja ana herufi zake zinazosema anaruhusiwa kukanyaga sehemu gani ya uwanja. Mfungaji hukaa karibu na nguzo ya wapinzani, na mlinzi wao, mwenye GK, hukaa naye hapo hapo kumzuia. Anayeudaka mpira haruhusiwi kutembea nao, na lazima autoe ndani ya sekunde tatu. Ndani ya sekunde hizo tatu Mzee wa Mashine aliweza kutoa maelekezo manne, na mawili kati ya hayo yalipingana.

"Kimbia nao, Tekla. Piga. Ngoja. Rudi nyuma saidia wenzako."

Mtoto mtiifu alikimbia nao, filimbi ikalia. Siku nyingine alirudi nyuma kusaidia, filimbi ikalia tena. Baba alijua mpira wa miguu tu, na aliamini michezo yote ni huo huo, umebadilishwa nguo.

Nikaenda kumwelimisha. Nilimkuta ameketi nje ya mashine, nikamwaga pumba chini, nikachora uwanja kwa kidole. Nakwambia, sijapata mwanafunzi msikivu kama yule. Aliuliza maswali ambayo hata chuoni hatukuulizana.

"Kwa hiyo huyu GS haruhusiwi kuvuka huu mstari?"

"Haruhusiwi, mzee."

"Hata kama nyuma kunaungua?"

"Hata kama kunaungua."

Akatafakari. "Basi aliyeutunga mchezo huu hana ndugu."

Akaelewa kila kitu, akanirudishia somo lote bila kukosea. Jumatano iliyofuata akapiga kelele zile zile. Nilipomtazama alisema, "Mwalimu, ninajua. Ila mdomo ulitangulia."

Usidhani alikuwa anatupinga. Shule haikuwa na chokaa, na mistari yote ya uwanja wetu ilikuwa ya pumba kutoka kwake. Alizileta kwa baiskeli, magunia mawili nyuma, akazimwaga mwenyewe, ameinama, ulimi nje, kwa unyoofu wa kushangaza. Kosa la mistari ile lilikuwa moja: pumba zilikuwa na vipande vya mchele, na kuku wa jirani walilijua hilo. Katikati ya mchezo wa pili tulikuwa na mistari yenye mapengo, na mwamuzi alilazimika kuuliza watazamaji mstari ulikuwa wapi. Mzee wa Mashine alikuwa na jibu kila mara. Siku moja niligundua nusu duara la kufungia upande wa Tekla limekua kwa hatua mbili nzima, ili mtoto afungie mbali zaidi kama akipenda. Nilipomuuliza alisema kuku wamelisogeza.

Sasa nifike kwenye pete.

Mzee aliona binti anahitaji mazoezi nyumbani. Alichimbia mti uani, akaupigilia juu ringi ya baiskeli kubwa, iliyong'olewa spoku zote. Jambo la kawaida kabisa kwetu: bonde zima linaishi kwa baiskeli, na ringi iliyochakaa ndiyo duara la kwanza ambalo mkono wa mtu wa Ifakara hulikuta. Kwenye nyumba nyingine ilitumika kuanikia nguo, kwenye nyingine kuzuia mfuniko wa pipa. Tekla alirusha pale kila asubuhi na kila jioni, na baba akihesabu. Alinijia shuleni uso unang'aa.

"Mwalimu, jana mia kwa mia. Leo mia kwa mia. Kuna mipira mingine anarusha amefumba macho."

Ikaja mechi na wasichana wa Idete. Tekla alirusha mara kumi na nane. Mipira kumi na nane ilianguka, mingine kulia mwa pete, mingine kushoto, yote kwa mwendo mzuri sana, kama inayojua inakokwenda. Tulifungwa vibaya. Filimbi ya mwisho ilipolia, Mzee wa Mashine aliondoka mbio na baiskeli, akarudi ameivaa ringi begani kama mtu aliyenaswa, akaenda moja kwa moja kwenye nguzo.

"Hawa Idete wameibana pete," akasema, na kule sokoni wakasikia.

"Mzee," nikamwambia polepole, "hapa ni kwetu. Hii ni pete yetu."

Akapanda juu ya kiti, akaiweka ringi yake juu ya pete ya shule. Pete ya shule ilipotea katikati kama kisahani ndani ya sinia. Kwenye ringi ile ungeweza kupitisha mpira, na mtoto aliyeushika. Wanawake wa foleni walianza kucheka, kwanza kwa adabu, kisha bila adabu. Tekla alikuwa amejifunika uso kwa kitambaa chake cha herufi.

"Duara ni duara," mzee akasema kutoka juu ya kiti. Akatazama tena. "Hii ya shule imesinyaa kwa mvua."

Lakini alikuwa mtu wa kujirekebisha, na alijirekebisha kwa kupita kiasi. Wiki hiyo hiyo, badala ya kuirudisha ringi mtini, alitundika ndoo ndogo ya bati aliyoitoboa kitako. Mpira ulipita humo kwa taabu, kama mtu mnene kwenye mlango wa choo, na mara nyingi ulinasa, ukahitaji kusukumwa na mwiko. Hoja yake ilikuwa kwamba akiiweza ndoo, pete itakuwa kama ziwa. Kilichotokea ni kingine. Mipira karibu yote iligonga ukingo wa ndoo ikaruka pembeni, na Tekla, ili asiifuate hadi kwenye bustani ya mchicha ya mama yake, alijifunza kuidaka hewani. Miezi minne ya kuruka na kudaka. Siku moja mazoezini mlinzi wetu aliumwa malaria, nikamwambia Tekla avae GK kwa muda. Hakuna mpira uliopita. Kila uliogonga pete ulishuka mikononi mwake kana kwamba umeitwa. Na nilimwona akitabasamu, jambo ambalo akiwa GS sikuwahi kuliona.

Nilipompelekea baba habari hizo njema, hazikupokelewa kama njema.

Ukutani mwa mashine, upande wa ndani, alikuwa na mistari ya mkaa: mmoja kwa kila goli la Tekla. Alinipeleka nikaione.

"Mlinzi tutamhesabia nini, Mwalimu? Mpira ambao haukuingia unauandika wapi?"

"Ndiyo kazi yenyewe, mzee, kwamba hauingii."

"Mambo ambayo hayakutokea ni mengi," akasema. "Leo hatukuliwa na kiboko. Nalo niandike?"

Nikamwacha Tekla kwenye GK; baba akaendelea kupiga kelele, sasa akimwita mlinzi aende kufunga. Timu ilishinda hata hivyo, mechi baada ya mechi, mpaka ikabaki fainali ya wilaya. Kati ya washindi wangechaguliwa wasichana wa kwenda Morogoro mjini kucheza mashindano ya mkoa, na Tekla alikuwa hajawahi kufika hata Mikumi. Siku tano kabla ya fainali alinikuta stoo nikihesabu vitambaa.

"Mwalimu, naomba niache mpira."

Nikamwuliza kwa nini, ingawa nilijua.

"Nikiwa na mpira namsikia baba. Nikiwa sina mpira namsikia baba. Juzi nimesinzia kanisani, nikaota ananiambia ruka. Nikaamka, kumbe anaimba." Hakuwa anatania, machozi yalikuwa karibu. "Yeye asije. Au aje, lakini nisimsikie. Nikisikia sauti yake hata mara moja navua kitambaa natoka, hata kama tunaongoza. Mwambie wewe, mimi siwezi."

Mwalimu wa miaka ishirini na nne anamwambiaje mzazi aje lakini asiwepo? Nilitembea hadi kwao huku nikijipangia maneno, na nilipofika nilikuwa nimeyasahau yote. Mama Tekla alikuwa uani anapepeta mchele kwenye ungo. Mzee alikuwa chini ya ndoo yake, anaipaka grisi ukingoni. Nikawasalimu, nikasema kama nilivyoambiwa, bila kupunguza.

Mzee akaacha kupaka. Akaweka kopo la grisi chini.

"Kwani mimi nampigia kelele mtoto?"

Aliuliza kwa mshangao wa kweli, na ndipo nilipoelewa kwamba hakujua. Mtaa mzima ulijua isipokuwa yeye.

"Mzee," nikasema, "hata sasa hivi."

"Sasa hivi nanong'ona."

Mama Tekla hakuinua macho kwenye ungo. "Wewe ndiye unayesema mpunga haukobolewi kwa kuangaliwa."

"Simwangalii. Namwelekeza."

"Basi baki nyumbani siku hiyo."

"Nibaki nyumbani?" Akapangusa grisi mikononi. "Mama Tekla, mimi nimemwaga mistari ya uwanja ule tangu yuko darasa la tatu. Nibaki nyumbani nisikie kwa watu?"

Alikuwa na haki ya kumwona mtoto wake, na mtoto alikuwa na haki ya kucheza, na kati ya haki hizo mbili kulikuwa na mdomo mmoja. Ndipo mama huyo, ambaye sikuwahi kumsikia akisema zaidi ya maneno kumi kwa siku, alipochota kiganja cha mchele kutoka kwenye ungo, akasimama mbele ya mumewe.

"Fumbua."

Akafumbua kwa mazoea ya kuonjeshwa. Mama akaumimina wote mdomoni.

"Sasa mwelekeze."

Mzee akajaribu. Punje tatu zikatoka, hakuna neno lililotoka. Mama Tekla akanieleza mimi, kana kwamba mzee ni mashine tuliyokuwa tunaitazama: mchele mbichi haumezeki haraka, na huyu hawezi kutema mchele, hawezi kabisa, ni kama kumwambia padri ateme divai. Atatafuna mpaka uishe. Tukakaa kumpima. Mashavu yalikuwa yamejaa, taya likizunguka polepole, macho yakitazama huku na huku. Uani kukatulia kwa namna ya ajabu.

"Unasikia?" Mama Tekla akaniuliza.

"Nasikia nini, mama?"

"Kuku. Miaka ishirini na sita niko hapa, sijawahi kuwasikia mchana."

Kiganja kilidumu dakika kumi na kidogo, ambazo ndizo robo moja ya mchezo wetu. Mchezo una robo nne. Mama Tekla akachukua leso, akafunga fundo kwenye kila pembe, kila fundo kiganja kimoja.

Siku ya fainali wapinzani walitoka ng'ambo ya mto, upande wa Lupiro, wakavuka kwa kivuko wakiimba, na mfungaji wao alikuwa mrefu kiasi kwamba tulimwomba mwalimu wao atuhakikishie kuwa si mwalimu mwenzetu. Mgeni rasmi aliletwa kutoka wilayani, suti nyeusi, akakalishwa kwenye kiti cha mbao chini ya turubai. Mwalimu mkuu, asiyejua habari za mchele, alimweka Mzee wa Mashine nyuma kabisa ya kiti hicho. Aliona kwamba mtu hatathubutu kupiga kelele kwenye kisogo cha mgeni rasmi.

Filimbi ikalia, fundo la kwanza likafunguliwa. Wanawake wa foleni walimtazama, wakatazamana.

"Anaumwa jino?" mmoja akauliza.

"Mzee huyu amekufa amesimama," akajibu mwenzake. "Na mchele wangu uko ndani."

Tekla alicheza robo nzima shingo imepinda, akitazama pembeni kila mpira ulipomkaribia, akingoja pigo lisilokuja. Robo ya pili shingo ikanyooka. Robo ya tatu likatokea jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelitarajia. Tulisikia sauti kutoka chini ya nguzo yetu.

"Mwachie huyo. Kaa naye. Wewe rudi, rudi, huyo ni wangu."

Ilikuwa sauti ya Tekla. Ilivuka uwanja, ikavuka barabara, na mwenye baiskeli aliyekuwa anapita akashuka. Ilikuwa na dizeli. Muda wote huo mtoto alikuwa nayo, ila nyumbani mwao nafasi ilikuwa imeshachukuliwa. Nikamtazama baba yake. Taya lilikuwa limesimama. Kisha likaendelea, polepole sana.

Fundo la nne. Tunaongoza kwa goli moja, muda umekwisha karibu wote, mpira uko mikononi mwa yule mrefu, hatua moja kutoka kwenye pete. Tekla yuko mbele yake, mikono juu, umbali unaotakiwa. Yule dada akarusha. Mpira ukagonga ukingo wa pete, tena ule mgongo wa nyuma, ukaruka pembeni kwa pembe ile ile ambayo ndoo ya bati ilikuwa imeurusha mara elfu. Tekla alishapaa. Akaudaka kwa mikono miwili, na filimbi ikalia.

Mzee wa Mashine akafungua mdomo.

Sauti haikutoka. Ulitoka mchele. Kiganja kizima, umetafunwa nusu, uliruka juu kama unaotoka kwenye mashine yenyewe, ukamshukia mgeni rasmi kichwani, mabegani, na ndani ya kola. Watu wakaganda. Mgeni akajipangusa bega, akatazama kilichobaki kidoleni, akamgeukia mwalimu mkuu.

"Hii ni mila ya huku?"

Mwalimu mkuu alikuwa mtu aliyebakiza miaka miwili kustaafu. "Ndiyo, mheshimiwa," akasema. "Akipatikana mshindi."

Mgeni akatikisa kichwa kwa heshima, na punje nyingine zikaanguka. Katika hotuba yake aliwasihi vijana wasiache mila nzuri kama hizo. Mwaka uliofuata shule mbili za bondeni zilimwagia wageni wao mchele, mkavu angalau, na hakuna aliyethubutu kueleza ulikoanzia.

Mimi nilikuwa na shughuli nyingine. Nilikuwa natazama kitambaa cha GK. Tekla alikuja mpaka pembeni, akasimama mbele ya baba yake, ambaye alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili kama mtoto aliyevunja chungu.

"Mwalimu," Tekla akaniuliza bila kugeuka, "umesikia sauti?"

"Sijasikia."

"Hata mimi," akasema, na kwa mara ya kwanza nikamwona akicheka mbele ya baba yake, mpaka akakaa chini kwenye pumba.

Alikwenda Morogoro. Baba hakuruhusiwa kusafiri na timu, kwa hiyo alimpa dereva wa basi maelekezo ya mchezo, na dereva akasikiliza yote kwa kuwa hakuwa na namna ya kutosikia. Simsifii kwamba alibadilika. Alijifunza kitu kimoja tu, kutafuna. Lakini mwezi mmoja baadaye nilipeleka mpunga wangu kukoboa, na ukutani niliona mistari ya zamani ya magoli imekoma, na chini yake safu mpya ya mkaa imeanza. Nikauliza ni ya nini.

"Yaliyokataa kuingia," akasema. "Siku ya fainali nimepata kumi na moja. Wewe uliandika mangapi?"

Sikuwa nimeandika hata moja, nami ndiye mwalimu.

Baadaye nilihamishiwa shule ya ng'ambo, upande wa Lupiro, nikaolewa huko, nikazaa, na mambo ya Lumemo nikayasikia kwa wapitao. Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni siku niliporudi kwenye uwanja ule, safari hii si kama mwalimu wa timu. Binti yangu, umri wa miaka kumi, alikuwa anachezea shule yetu kwa mara ya kwanza. Mistari bado ilikuwa ya pumba. Kuku, sijui kama ni wale wale.

Pembeni, kwenye kigogo, nilimwona. Mgongo ulikuwa umepinda, nywele nyeupe zote. Nikamwendea wakati mchezo unaendelea, nikainama.

"Shikamoo, mzee."

Hakuitikia. Alinitazama machoni, akainua kiganja kimoja, akarudisha macho uwanjani. Nakiri nilichomwa. Mtu uliyemwamkia kwa heshima asipoitikia, unabaki umeinama bila kujua pa kuiweka salamu. Nikasogea pembeni kidogo, nikajiliwaza kwa kutazama mtoto wangu. Hakuwa anacheza vizuri. Alisimama mahali pasipofaa, akatoa mpira kwa mtu asiyefaa, na mimi nikamsaidia kidogo, kama mama yeyote anavyofanya.

Filimbi ya kumaliza robo ya tatu ikalia. Mzee wa Mashine akameza, akapangusa midomo.

"Marahaba, Mwalimu," akasema, na bata wa mtaa wa pili wakaruka. "Yule mwenye C ni mjukuu wangu, wa yule mkubwa wangu. Nimeahidi."

Nikacheka mpaka nikakaa naye kwenye kigogo. Nikamwuliza habari za Tekla. Tekla alikuwa ameolewa Mang'ula, ana mtoto anayetambaa.

"Nimempelekea ndoo," akasema.

"Mzee, mtoto anatambaa."

"Ndiyo wakati wake. Akisimama atakuwa ameshaizoea." Akafunua fizi kunionyesha: meno yalikuwa yamebaki mawili, hayatazamani. "Yamekwisha kwenye mpunga wa watu. Zamani nilikuwa natumia viganja vinne. Sasa hivi sina cha kutafunia, kimoja kinanifikisha robo ya tatu."

Akafungua leso. Fundo moja lilikuwa limebaki. Nilidhani ni lake.

"Yule mwenye WA ndiye wako," akasema.

"Umejuaje?"

"Nimekusikia." Akalifungua fundo kwa kucha, taratibu. "Umemwambia songa, kisha ukamwambia simama. Mwalimu, hata mimi nilikuwa nampa sekunde moja katikati."

Nilitaka kumweleza kwamba mimi ni mwalimu, kwamba nayajua masharti ya mchezo, kwamba yangu yalikuwa maelekezo. Filimbi ya kuanza robo ya nne ikalia. Akanishika mkono, akaufumbua, akamimina mchele.

Ulikuwa mkavu, mzuri, haujavunjika. Nikautia mdomoni wote. Mpira ukaja moja kwa moja kwa binti yangu, akaudaka, akageuka haraka kutazama upande wangu, amekunja shingo, anangoja. Sekunde ya kwanza. Ya pili. Akaona mama yake anatafuna. Akageuka, akautupa kwa mtu ambaye mimi nisingemtupia kamwe.